Filamu Fupi za Lamu Zinamkosa Mtazamaji wa Lamu

Chukua filamu fupi zinazopigwa na vijana wa Lamu siku hizi, uangalie yanayopita kabla mtu hajafungua kinywa. Droni inapaa juu ya gati. Punda anakata kona ya kichochoro. Tanga linapita mbele ya jua linalotua. Mzee wa kofia na kikoi amekaa barazani, macho kayatupa baharini. Filamu ni ya dakika kumi, mbili zimeshakwenda, na sisi tunaoishi hapa hatujaambiwa kitu. Mtu wa Lamu hana haja ya kuonyeshwa punda. Ampisha njia kila siku.

Siandiki haya kwa kuwabeza. Vijana hawa wanajua kazi. Wanapiga kwa simu au kwa kamera ya kuazima, wanahariri usiku baada ya kutwa nzima ya kutafuta riziki kwingine, na jicho la picha wanalo. Ninachosema ni kwamba filamu zao nyingi zinatungwa kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kukanyaga Lamu, na mtu huyo ndiye anayeamua picha ya kwanza, lugha ya wahusika na namna kisa kinavyokwisha. Mtazamaji wa Mkomani, wa Langoni, wa Faza au Kizingitini hayumo katika hesabu. Kasoro ninazoziona nyingine, karibu zote, zinaanzia hapo.

Wateja wa filamu hizi ni wawili. Wa kwanza ni shirika lenye ujumbe. Lamu haikukosa mambo mazito ya kusemwa: bandari ya LAPSSET (mradi wa uchukuzi wa kuiunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia) iliyochimbwa katika maji ya wavuvi, mradi wa mtambo wa makaa ya mawe wa Kwasasi, ardhi, usalama. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Juni 2019 jopo la kitaifa la kesi za mazingira likafuta leseni ya mtambo wa makaa. Mei 2021 gati la kwanza la bandari likafunguliwa. Katika miaka hiyo kamera ndogo zilizunguka visiwani, na zilifanya kazi ya maana: mvuvi ambaye hakuwahi kuulizwa aliulizwa, na maneno yake yakahifadhiwa. Sifa hiyo siwanyimi waliozishika.

Lakini tazama mvuvi huyo kawekwaje. Ameketi kwenye kiti cha plastiki, nyuma yake nyavu zimetundikwa, anaeleza hasara yake kwa mpangilio. Chini yanapita maandishi ya Kiingereza. Mwisho skrini inakuwa nyeusi, yanakuja maneno meupe ya kumtaka mtazamaji achukue hatua, kisha nembo za wafadhili. Dakika zote hizo mvuvi ni mlalamishi tu. Hapendi, hadanganyi, hagombani na shemeji yake kwa sababu ya mashine ya boti, hana siri anayomficha mkewe. Sasa fikiria nyumba ambayo jina la ndugu mmoja limo katika orodha ya fidia na la mwingine halimo, na wote wawili walikuwa wakivua kwa mashua moja ya marehemu baba yao. Hiyo ni filamu ya dakika 12, vyumba viwili, watu watatu, haihitaji hata droni. Watu wa hapa wangeielewa tangu picha ya kwanza, na wangetoka wakibishana nani kati ya wale ndugu ana haki. Nani ataigharamia? Haina ujumbe wa kutiwa kwenye ripoti.

Mteja wa pili ni tamasha la ng'ambo. Huyu hataki ujumbe, anataka uzuri na ukimya: mwanamke wa buibui anayetembea peke yake ufuoni Shela, mlango wa kuchongwa unaofunguka polepole, sauti ya maji. Tena kila tamasha lina ada ya kuwasilisha filamu, hulipwa kwa dola, na kijana akishalipa mara tatu nne bila kuteuliwa huanza kuipinda kazi yake ifanane na zilizoteuliwa. Hata midomo ya waigizaji inapindwa. Nimeshuhudia mtu mzima, mzaliwa wa Pate, akizuiwa kusema "ndoo" na kuambiwa aseme "njoo," ili maneno yaende sambamba na tafsiri. Kuanzia hapo akaigiza kwa ugumu wa mtu asomaye barua ya serikali. Mwigizaji asiyesomea uigizaji hubebwa na lahaja yake. Ukimnyang'anya Kiamu au Kipate, umemnyang'anya mikono, mabega na pumzi ya kusemea.

Nguvu ya mtazamaji wa nyumbani niliiona wazi usiku mmoja Langoni, vijana walipotundika shuka jeupe ukutani wakaonyesha filamu yao kwa projekta ya kuazima. Kisa kilikuwa cha mvuvi aliyepotea baharini na mwanawe anayemsubiri. Ilipofika pale kidau kinapotoka, mawimbi makubwa, msimulizi akisema ni mwezi wa Juni, nahodha mmoja mstaafu akanyanyuka barazani.

"Simamisha hapo, mwanangu. Huyu katoka wapi na kidau hiki?"

"Kipungani, ami."

"Kusi imekaza, mwezi wa sita, na kidau cha kuvulia mikokoni. Aenda nje ya mwamba kutafuta nini?"

"Samaki, ami. Ni filamu tu."

"Najua ni filamu. Mtu mzima hafi hivi hivi. Pana kilichomtoa. Tuambie."

Watu walicheka, na yule kijana aliyeiongoza alicheka pia, lakini swali lilikuwa limeshaingia. Wakati wa kusi, upepo mkali wa kutoka kusini, vyombo vidogo hujificha ndani, vikavua penye kinga. Anayetoka nje na kidau mwezi huo ana deni linalomkaba, au nyumba haijapika, au kuna ubishi wa kiume, au aibu anayoikimbia. Filamu ile haikuwa na sababu. Ilikuwa na mawimbi. Jaji wa tamasha la mbali asingeliuliza swali hilo kamwe, maana kwake bahari ni bahari, na kifo cha baharini kinajieleza chenyewe. Kwa nahodha, bahari ina miezi na kila mwezi una maamuzi yake, na uamuzi wa mtu ndio kisa. Hili ndilo ninaloliita uhakiki wa mswada, na limetolewa bure, na mtu aliyevaa kikoi, mbele ya mtaa mzima.

Kabla picha hazijarejeshwa, sauti ya mwanamke ikatoka nyuma, walikokaa kina mama: "Na mkewe mbona hatumuoni? Nani aliyempikia hata akaondoka?"

Hakuna aliyejibu. Filamu ilikuwa imeandikwa na wavulana wanne.

Swali la pili ni gumu kuliko la kwanza, kwa sababu la kwanza linatibika kwa kuuliza mabaharia. Kamera ya mwanamume Lamu huishia dakani, pale kibarazani mlangoni mwa nyumba. Ukivuka daka unaingia katika nyumba, na nyumba ina mambo yake, watu wake na saa zake. Mzazi akiombwa binti yake aigize hukataa, na ukimsikiliza vizuri utaona hakatai sanaa. Anaogopa sura ya mwanawe itaishia kwenye simu za watu asiowajua, ikatwe, ibandikwe maneno mengine, isambazwe. Hofu hiyo ina msingi wake. Picha ikishatoka haina wa kuirudisha, na aibu katika mji mdogo hukaa miaka.

Matokeo yake ni filamu ambazo wanawake huonekana kwa mgongo, wakipita. Au huletwa mwigizaji kutoka Mombasa au Nairobi, na anapofungua mdomo tu kila mtu anajua si wa hapa. Kabla hata hajasema, namna anavyolikusanya buibui akipanda ngazi inamtoa. Nusu ya mji haimo katika filamu za mji, na nusu hiyo ndiyo yenye visa. Nani anajua posa iliyovunjika ilivunjikaje? Nani aliyekuwepo dada wawili walipogawana vyombo vya mama yao? Yote hayo yamepita ndani, na aliyeyaona hana kamera.

Au tuseme hivyo kwa kuwa hatujamtazama vizuri, maana kamera wanawake wa Lamu wanayo. Nenda kwenye harusi, usiku wa kupamba. Mlangoni wageni wanaombwa wasitoe simu. Ndani kuna mwanamke mmoja, pengine wawili, wenye ruhusa ya kurekodi, na ndio tu. Wanajua kuupiga uso wa biharusi katika ukumbi wenye taa za rangi zinazobadilika na vitambaa vinavyorudisha mwanga. Wanajua kusimama mahali ambapo hawamzibi bibi wa biharusi. Wanajua lini kamera ishushwe, hata kama hakuna aliyesema ishushwe. Kisha wanakwenda nyumbani na saa tano za picha, wanazikata zikawa dakika arobaini, na wanajua hasa ni wapi mama mtu atalia. Mkanda ukikamilika unakabidhiwa familia na haumfikii mtu mwingine. Wana ufundi, wana uhariri, na wana amana, ambayo mwongozaji kutoka nje hawezi kuinunua kwa bajeti yoyote.

Kwa nini hawa hawaitwi watengenezaji filamu? Nadhani ni kwa sababu hatuwezi kufikiria filamu isiyokwenda kwa kila mtu. Mimi nasema iwezekane kutengenezwa filamu ya dakika 15, imeandikwa na mwanamke, imeigizwa na wanawake, imepigwa na hao wapiga harusi, na ionyeshwe kwa wanawake peke yao, katika ukumbi, isiwekwe mtandaoni hata siku moja. Kuna watakaosema filamu ya namna hiyo haina hadhira. Ukumbi uliojaa kina mama, mabinti na mabibi ni hadhira. Nyimbo za vugo na mashairi ya harusini yameishi hivyo vizazi na vizazi, kwa wanaohusika, na hakuna aliyesema hayakuwa sanaa mpaka wanaume wayasikie.

Wapo wanaosema intaneti imeshamaliza shida ya ukumbi. Tupige hesabu. YouTube, ili ianze kumgawia mtu mapato ya matangazo kwa video za kawaida, inataka awe na watu 1,000 waliojisajili na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Filamu ya dakika 10 itahitaji kutazamwa mara 24,000, mwanzo hadi mwisho. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 143,920 katika kaunti nzima ya Lamu, kuanzia Mpeketoni mpaka Kiunga, watoto wachanga wakiwemo. Kwa hiyo mtu mmoja katika kila sita aitazame yote bila kuruka, na hapo ndipo mlango wa malipo utafunguka; malipo yenyewe bado. Kijana mwenye akili anaona hesabu hiyo na kugeukia vichekesho vya dakika mbili kila wiki. Simlaumu, lakini hatutapata filamu kwa njia hiyo.

Sheria nayo haijamfikiria. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, ni ya mwaka 1962, kabla ya Uhuru, na mantiki yake ni ya zama ambapo filamu ilikuja na malori ya vifaa. Inataka leseni kabla ya kupiga filamu ya kuonyeshwa hadharani, na kibali cha Bodi ya Uainishaji wa Filamu kabla ya kuionyesha. Kwa kampuni ya Nairobi hayo ni makaratasi ya kawaida. Kwa vijana wanne wenye simu moja, ni sababu ya kufanya kazi kwa kujificha, na anayejificha haonyeshi filamu yake uwanjani. Ongeza na hali yetu: tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, yaliyofuatwa na kafyu ya muda mrefu, mtu mwenye kamera karibu na gati au chombo cha askari hujikuta anajieleza. Droni ndiyo usiseme, inahitaji idhini za mamlaka ya usafiri wa anga pia. Labda hilo lingekuwa sababu nzuri ya kuiacha droni chini na kuingia vyumbani.

Ushahidi kwamba visa vya hapa vinaweza kwenda mbali upo. Mwaka 2007 Ravneet Sippy Chadha alitoa filamu fupi iitwayo Subira, kuhusu msichana mdogo wa Lamu anayetaka kuishi apendavyo. Miaka 11 baadaye, 2018, kisa hicho kilirudi kikiwa filamu ndefu ya jina hilo hilo, na Kenya ikaiteua kuiwakilisha katika kuwania Oscar ya filamu ya kimataifa. Watu Wote ya 2017, kuhusu abiria Waislamu waliowakinga wenzao Wakristo basi liliposhambuliwa kule Mandera, iliongozwa na Mjerumani Katja Benrath akiwa mwanafunzi wa filamu Hamburg, nayo iliteuliwa kuwania Oscar ya filamu fupi. Waongozaji hao si wenyeji wa mahali pa visa vyao, na sioni kosa hapo. Waliona kilichokuwepo wakakifanyia kazi. Kinachoniuma ni kwamba tangu ile Subira fupi sijaona filamu ya msichana wa Lamu, iliyoongozwa na msichana wa Lamu, ikiingia midomoni mwa watu. Tumelelewa na methali ya mgeni njoo mwenyeji apone, na katika filamu tumemwachia mgeni kila kitu: fedha, kamera, hata kutuchagulia lipi la kusema.

Kwa hiyo ninachotaka ni ukumbi, kabla ya kamera mpya na kabla ya warsha nyingine ya siku tatu yenye vyeti. Na ukumbi tunao. Ngome ya Lamu, iliyokamilika mwaka 1821 na ikatumika kuwa jela mpaka 1984, leo iko chini ya Makavazi ya Kitaifa. Ina ua mpana usio na paa, kuta ndefu, mlango mmoja wa kusimamia kiingilio, nayo iko katikati ya mji. Wenzetu Unguja wanatumia Ngome Kongwe yao kwa tamasha la filamu la nchi za jahazi tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na hakuna watu wa jahazi kuliko sisi.

Watu watalipa? Mbona wanalipa sasa. Kila wikendi vibanda vya mpira vinajaa vijana wanaotoa pesa kutazama timu za Uingereza kwa pamoja, wakipiga kelele kwa pamoja. Desturi ya kukaa na wenzako mbele ya skrini na kubishana haijafa, imekosa chakula cha nyumbani. Watu 200 wakitoa shilingi 50 kila mmoja, ni shilingi 10,000. Fedha hizo zinatia mafuta kwenye boti na kulisha kikosi kidogo siku nzima ya kazi. Ni kidogo, ila hazina masharti ya nembo, na aliyezitoa anayo haki ya kusimama na kusema simamisha hapo.

Nadhani haki hiyo ndiyo itakayobadilisha filamu zenyewe. Mwongozaji anayejua kwamba mafundi wa Matondoni watakuwepo hatampiga fundi wa mashua akigonga msumari mahali pasipo na msumari. Anayejua kina mama watakuwepo hatawaondoa wake za watu kwenye visa. Atathubutu pia kutengeneza kitu kidogo sana. Kwa mfano mzee anayeshona kofia ya vito barazani, vile vitundu vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja, kazi ya wiki kwa wiki, kofia ya harusi ya mwanawe, na macho yameanza kumtupa mkono. Hataki kusema. Anaanza kukosea mistari, usiku mtu wa nyumbani anafumua na kushona upya, na asubuhi yeye anaona kazi si ya mkono wake, ananyamaza. Filamu hiyo ng'ambo ingehitaji maelezo. Hapa watu wataangalia vidole tu na watajua.

Tamasha la Utamaduni la Lamu lina mashindano ya mashua na ya punda, lina kirumbizi, ule mchezo wa fimbo, lina mashairi. Liwe na usiku wa filamu wa kudumu ndani ya ngome, na masharti yawe mepesi: filamu isizidi dakika 20, iwe ya mwenyeji wa visiwa hivi au wa bara yetu, lugha iwe ile inayosemwa nyumbani kwa wahusika, na baada ya kila filamu taa ziwashwe watu waseme. Kisha projekta ipakiwe botini iende Siyu, Faza na Kizingitini, kwa sababu huko ndiko nusu ya visa hivi vilikotoka. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai. Idara ya utamaduni ikitaka, inaweza kutenga mapema fedha za projekta, spika mbili na ada za vibali vya Bodi ili wasizibebe vijana. Na katika siku za maonyesho, ya kwanza wapewe wanawake, ngome ifungwe kwa wanaume kuanzia alasiri, na wale wapiga picha wa harusi ndio waendeshe mitambo.